HABARI ZA NJIA ZA KALE
Za Warumi nchini Uingereza na za Wapagazi mpaka Ziwa letu

Katika somo hili twapenda kueleza habari za njia: jinsi zinavyofanyika, jinsi zinavyokufa, na jinsi watu wa baadaye wanavyoweza kuzitambua ingawa zimefunikwa na nyasi, mashamba au nyumba. Tutaanza na Uingereza, kwa sababu huko njia za kale zimechunguzwa kwa muda mrefu na wataalamu pamoja na watu wa vijijini. Kisha tutarudi kwetu, tuitazame njia iliyotoka Bagamoyo mpaka Tabora, na tawi lake lililokuja kaskazini mpaka Usukuma na ufuko wa Ziwa. Sisi tunaoandika haya tunakaa Buzuruga, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Kutwa magari hupita hapa, walakini si wengi kati ya wapitao wanaojiuliza watu walikanyaga wapi kabla ya lami kumwagwa.

BARABARA ZA WARUMI

Warumi walikuwa watu wa nchi ya Italia, na mji wao mkubwa ulikuwa Roma. Mkuu wao mmoja, Julius Caesar, alivuka bahari na kuingia Uingereza mara mbili, mwaka 55 na mwaka 54 kabla ya kuzaliwa Kristo, lakini hakukaa. Mwaka 43 baada ya Kristo, mfalme wao Claudius alipeleka jeshi kubwa, na safari hii Warumi walikaa mpaka yapata mwaka 410. Jeshi likiwa katika nchi ya ugeni lahitaji chakula, silaha na habari, na vitu hivyo haviwezi kufika upesi kwa njia yenye matope. Kwa hiyo, tangu siku za kwanza, askari wa Kirumi walishika jembe na sururu pamoja na upanga.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Kwanza wapimaji walisimama juu ya kilima kimoja, wakalenga kilima kingine, wakainyosha njia katikati. Ndiyo maana barabara nyingi za Kirumi zanyoka kama uzi, na zikipinda hupinda juu ya kilima, pale mpimaji aliposimama. Kisha walichimba mtaro kila upande, na udongo uliotoka waliurundika katikati ukawa tuta. Juu ya tuta walipanga mawe makubwa, wakaweka mawe madogo juu yake, na mwisho wakashindilia kokoto au changarawe. Katikati pakainuka kidogo kuliko kando, ili maji ya mvua yateremke mtaroni yasitue njiani. Mwenye kutaka kujua siri ya barabara zile kudumu, asitafute mbali: siri ni maji kupewa mahali pa kwenda. Kila mwaka masika hutuonyesha jambo hilo hilo katika njia zetu za vijijini, maana pasipo mtaro njia yenyewe hugeuka mto.

Barabara iliyo mashuhuri kupita zote huitwa Watling Street. Ilianza pwani ya Kent, ikapita Canterbury na London, ikaendelea kaskazini-magharibi mpaka Wroxeter, karibu na mpaka wa Wales. Nyingine, Fosse Way, ilikata nchi kutoka Exeter mpaka Lincoln. Na Ermine Street ilitoka London kwenda Lincoln na York. Barabara kuu zote pamoja zilikuwa na urefu wa yapata maili 2,000. Kandokando yake palisimamishwa nguzo za mawe za kuonyesha maili, na maili ya Kirumi ilikuwa hatua 1,000, ambapo mguu wa kushoto na wa kulia ulihesabiwa hatua moja. Palikuwa na vituo pia, mahali ambapo wajumbe wa serikali waliweza kulala na kubadili farasi.

Warumi walipoondoka, hapakuwa na serikali ya kuzitunza barabara. Wenyeji walichukua mawe yake wakajengea nyumba na makanisa, mito ikabomoa madaraja, nyasi zikaota. Hata hivyo barabara hazikufa zote. Watu waliendelea kuzipita, na mpaka leo magari ya Waingereza huenda juu ya sehemu kubwa ya Watling Street. Tena, lugha yenyewe ilihifadhi habari. Neno 'street' la Kiingereza, maana yake barabara ya mjini, latokana na neno 'strata' la Kirumi, yaani njia iliyotandikwa mawe. Na miji kama Manchester, Winchester na Colchester, mwisho wa majina yake watokana na neno la Kirumi la boma la askari. Mtu asiyejua kusoma Kirumi, kila atajapo jina la mji wake, hutaja boma lililoanguka zamani.

PWANI ILIYOHAMA

Lipo jambo jingine katika habari hizi ambalo sisi tukaao ufukoni twalifahamu upesi. Jeshi la Claudius lilishuka mahali paitwapo Richborough, katika Kent. Siku zile palikuwa ukingoni mwa maji, na mlango wa bahari ulipita kati ya bara na kisiwa cha Thanet. Baadaye Warumi walijenga hapo ngome yenye kuta nene za kuilinda pwani. Lakini mito ilileta matope, mawimbi yakaleta changarawe, na mlango ule ukajaa kidogo kidogo mpaka ukafungika. Leo Thanet si kisiwa tena, na kuta za Richborough zimesimama kati ya mashamba, maili zaidi ya mbili kutoka baharini. Mgeni afikapo hushangaa: ngome ya pwani, na pwani yenyewe i wapi?

Kwa upande mwingine, huko Dover, mnara wa taa uliojengwa na Warumi ili kuongoza vyombo vyao ungali umesimama juu ya kilima, ubavuni mwa kanisa la kale. Hapo bahari haikuhama mbali, na vyombo vyaingia bandarini hata leo.

Ziwa letu nalo lina mabadiliko yake, ila halikufuata desturi ya Richborough, bali lilifanya kinyume. Kati ya mwaka 1961 na mwaka 1964 mvua zilikuwa nyingi mno, na maji yakapanda zaidi ya mita mbili. Mashamba ya ufukoni yalizama, na magati yakalazimika kuinuliwa. Mwaka 2020 maji yalipanda tena mpaka kiasi kile. Basi mwalimu awaonyeshapo wanafunzi wake mahali ambapo mitumbwi ya kale ilitua, na akumbuke ya kwamba huenda pwani ya siku zile iko chini ya maji. Huko Richborough mtafutaji wa bandari ya kale hutazama nchi kavu. Kwetu yampasa kutazama majini.

NJIA YA KWETU

Sasa na turudi nchini kwetu. Katika karne ya kumi na tisa njia kubwa ya bara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mamboya na Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ikafika Kilimatinde, kisha ikavuka pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, mpaka Unyanyembe, ndipo Tabora. Kutoka Tabora njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikuja kaskazini kupitia Usukuma mpaka Ziwa letu, na nyingine zikaenda Karagwe na Buganda.

Njia hii haikuwa na mawe wala mitaro. Ilikuwa njia ya mguu, yenye upana wa kumtosha mtu mmoja, na msafara ulikwenda kwa mstari, mtu nyuma ya mtu. Kwa nini haikufanywa pana? Sababu kubwa ni kwamba hapakuwa na magari ya kukokotwa, na hapakuwa na magari kwa kuwa mbung'o waliwaua ng'ombe na farasi porini. Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay alikata barabara ya magari kutoka pwani, Sadani, mpaka Mpwapwa, lakini ng'ombe waliofungwa kwenye magari walikufa, na njia ile ikarudi mikononi mwa pori. Basi mzigo wote ulibaki juu ya kichwa na bega la mwanadamu.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Kwenda bara walichukua merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani walichukua pembe za ndovu. Mbele alikwenda kirangozi na bendera yake. Ngoma ilipigwa asubuhi ya kuondoka. Posho ilipimwa kwa kibaba. Katika Ugogo watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu watu kuteka maji, wala hilo halikuwa la ajabu, maana katika nchi kame kisima ndicho mali. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, nao walishika kazi hiyo kwa ujira. Kijana aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Lakini yatupasa kusema kweli yote: katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa, na wengi wao hawakufika. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hata baada ya hapo biashara ile haikukoma mara moja.

NI NANI ALIYEIFANYA NJIA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Vitabu vingi vyasema ya kwamba John Hanning Speke 'aligundua' Ziwa hili mwaka 1858. Na tutazame jinsi alivyofika. Aliondoka Tabora tarehe 9 Julai, 1858. Alikuwa na kirangozi, wapagazi 20, askari Mabaluchi 10, na msaidizi wake Sidi Mubarak Bombay, ambaye kwa asili alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani angali mtoto. Mnamo tarehe 3 Agosti alisimama Mwanza na kuyaona maji mapana, akayaita kwa jina la malkia wa nchi yake. Safari ilikuwa ya siku 25. Mgeni asiyeijua nchi hawezi kwenda siku 25 na kufika mahali anapopataka, isipokuwa njia ipo na wenye kuijua wako mbele yake. Na alipofika Mwanza alikuta mtemi katika mji wake, na Mwarabu mfanyi biashara aliyekwisha kukaa hapo.

Tena njia zilikuwapo kabla ya Waarabu wenyewe. Warongo wa Uzinza, mafundi wa chuma, walifua majembe, na majembe hayo yalichukuliwa mpaka Usukuma na Unyamwezi yakibadilishwa kwa mifugo na nafaka. Wasukuma walifunga misafara yao wenyewe kwenda kuchota chumvi katika Ziwa Eyasi, safari ya nyika yenye kiu na hatari. Hata majina ya makabila yetu yana alama ya njia: katika lugha ya Kisukuma na Kinyamwezi, 'sukuma' maana yake ni upande wa kaskazini, na 'dakama' ni upande wa kusini. Watu waliitana kwa upande ambao mtu alitoka, kama wafanyavyo wasafiri.

Waingereza nao wamepata kujifunza jambo kama hili. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ya kwamba kabla ya Warumi hapakuwa na barabara iliyotengenezwa katika Uingereza. Kisha wachimbuzi walipofukua kilima kimoja katika Shropshire waliona barabara iliyotandazwa mawe, nayo ni ya kale kuliko kuja kwa Warumi. Wenyeji wa kale wa Uingereza walifanya njia, lakini hawakuandika, Warumi waliandika. Kwa hiyo sifa yote ilikwenda kwa mwenye kalamu, ikakaa kwake kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia tano.

Kwetu hali imekuwa ile ile. Ghuba iliyo mashariki ya mji wa Mwanza yaitwa Ghuba ya Speke. Mwamba ulio majini mbele ya mji ulipewa jina la Bismarck, mtu ambaye hakuuona kamwe. Mwaka 1874 Henry Stanley aliondoka Bagamoyo, na katika Ugogo aliiacha njia ya Tabora akakata kupitia Ituru, na tarehe 27 Februari, 1875, alifika Kageye, penye Ghuba ya Speke. Wapagazi walimchukulia mashua yake vipandevipande muda wa siku 103. Alipowahesabu watu wake Kageye aliandika ya kwamba wamebaki 166, na 181 wamepotea kwa kutoroka, maradhi, njaa na vita. Kijana wa Kizungu aliyefuatana naye, Frederick Barker, alikufa Kageye mwaka huo, na miaka miwili baadaye akafa huko mmisionari mganga, John Smith. Majina yao yanajulikana na mahali walipozikwa panakumbukwa. Lakini watu waliobeba mashua ile, makaburi yao yako wapi? Na ni nani awezaye kutaja jina la kirangozi aliyemfikisha Speke Mwanza?

NJIA ILIVYOKUFA

Njia ya wapagazi haikuvunjwa na vita. Ilivunjwa na reli. Mwaka 1901 reli itokayo Mombasa ilifika Kisumu, na mali ya Ziwa ikaanza kwenda huko kwa meli. Reli ya Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Mzigo ambao wapagazi waliuchukua muda wa miezi, sasa ulifika kwa siku chache. Jambo hilo lilikuwa faraja kubwa kwa mabega ya watu, wala hatuombi siku zile zirudi. Na kazi ya kufanya njia haijaisha: mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, lilifunguliwa juu ya Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo watu walingoja kivuko tangu zamani.

Lakini njia ya mguu ikiachwa haibakizi tuta wala jiwe, kama zile za Warumi. Mvua mbili tatu zikipita, nyasi zimeifunika. Alama zake ni chache: mti wa mwembe uliopandwa kambini, kisima, kivuko cha mto, na zaidi ya yote jina la mahali na maneno ya wazee.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Waingereza hawakuzipata njia zao zote kwa kusoma vitabu. Mkulima alipolima akakuta mstari wa changarawe alimwambia mwalimu au padre, mwalimu aliandika, wapima ramani wa serikali walikusanya, na mwaka 1924 walichapa ramani ya Uingereza ya siku za Warumi. Mwaka 1955 Ivan Margary alitoa kitabu kilichozipa barabara zile nambari moja moja. Wakati wa kiangazi kikali, marubani huona mistari ya njia za kale katika mashamba, kwa kuwa nafaka iliyoota juu ya mawe hukauka mapema. Na miaka hii, vipimo vinavyopigwa kwa mwali wa mwanga kutoka ndegeni vimeonyesha matuta ambayo macho hayakuyaona. Wenzetu hawana haraka kubwa, maana jiwe husubiri.

Sisi hatuwezi kungoja, na sababu tutaieleza kwa hesabu. Mzee aliyezaliwa mwaka 1940 yawezekana alipokuwa mtoto alikaa motoni na babu aliyezaliwa mwaka 1875, aliyekuwa kijana wa kubeba mzigo mwaka 1890. Mzee huyo ndiye kiungo cha mwisho kati yetu na msafara. Akifa bila kuulizwa, hapana chombo kitakachopigwa kutoka ndegeni kikamrudisha. Wakati huo huo nyumba zaongezeka kila mwaka, hapa Buzuruga na kwingineko kando ya Ziwa. Viwanja vyapimwa, visima vyafukiwa, na mitaa yapewa majina mapya. Tusipoandika habari hizi sasa, watoto wetu watazisoma kwa Speke na Stanley peke yao.

Kwa hiyo twawaomba wazee wa vijiji, walimu na wasomaji wote wafanye haya:

1. Kila shule iwe na daftari la majina ya mahali: vilima, mawe, mito, vivuko, visima na miti mikubwa. Jina liandikwe kama linavyotamkwa kwa Kisukuma au kwa lugha ya mahali, na maana yake kando.

2. Mzee aulizwe polepole, kwa heshima, na katika lugha yake. Aulizwe njia ya pwani ilipita wapi, watu walilala wapi, walinunua chakula kwa nani, na ni nani katika ukoo wake aliyekwenda pwani. Liandikwe jina lake, na jina la aliyemsimulia. Akikubali, sauti yake ihifadhiwe katika simu.

3. Wazee wawili wakihitilafiana, maneno ya wote wawili yaandikwe. Mwandishi asiyapatanishe kwa akili yake, wala asiongeze neno ili habari ipendeze.

4. Habari za utumwa zisifichwe. Wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wangali wakikaa pamoja vijijini, na kwa hiyo maulizo yafanywe kwa busara na faraghani. Walakini kuacha jambo hilo ni kuandika nusu ya habari.

5. Daftari likijaa, nakala moja ikae shuleni na nyingine ipelekwe mahali pa kuhifadhi. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, huko Kisesa, mashariki ya Buzuruga, ni mfano wa mahali ambapo vitu na habari za wenyeji zimekusanywa.

Serikali nayo imetia mkono katika kazi hii: mwaka 2006 njia kuu ya watumwa na pembe iliandikwa katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, nayo yataja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mtaona ya kwamba orodha hiyo yafuata njia ya Ujiji. Tawi la kaskazini, lililopita Usukuma mpaka Ziwa letu, halimo. Wa kuliandika ni sisi tunaokaa juu yake, na kazi yaweza kuanza wiki hii, kwa mwalimu mmoja, daftari moja, na mzee mmoja aliye tayari kusema.